Umbali wa Milipuko ya Miale ya Gama: Historia ya Mzozo wa Kifalaki na Nafasi ya Kituo cha Malindi, 1967–2019

Utangulizi

Kwa takriban miaka 30 wanafalaki walikuwa na orodha ya milipuko mikubwa ya angani ambayo hawakuweza kusema ilitokea wapi. Walijua siku na sekunde ya kila mlipuko, na walijua kiasi cha miale kilichofika kwenye vigunduzi vyao. Wasichojua ni kama chanzo kilikuwa jirani na Jua, pembezoni mwa Njia Nyeupe, au katika galaksi zilizo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla Dunia haijakuwapo. Tofauti baina ya majibu hayo haikuwa ndogo. Makadirio ya nishati ya mlipuko huongezeka kwa mraba wa umbali wake. Kwa hiyo mmweko uleule ungeweza kuwa cheche ya nyota iliyo karibu au tukio lenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Asiyejua umbali hajui anachokiona.

Makala hii inafuatilia namna swali hilo lilivyojibiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mzozo ulimalizwa na uwezo wa kuuambatisha mlipuko mmoja na galaksi moja kabla mwanga wake haujafifia. Wingi wa milipuko iliyohesabiwa ulifikisha mjadala mlangoni tu. Uwezo huo ulikuwa suala la saa chache, na saa hizo zilitegemea mambo ambayo masimulizi mengi ya historia ya falaki huyapita haraka: umbo la obiti, kituo cha kupokea data, na watu waliokuwa zamu. Ndiyo sababu Malindi, katika pwani ya Kenya, inastahili kuwamo katika simulizi ambayo kwa kawaida hutaja Roma, La Palma na Hawaii peke yake.

Setilaiti za kulinda mkataba

Chanzo cha jambo lenyewe hakikuwa cha kifalaki. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia katika angahewa, chini ya maji na katika anga za juu. Ili kujua kama mkataba unaheshimiwa, Marekani ilirusha setilaiti za Vela, zikiwa mbili mbili, zenye vigunduzi vya eksirei, nyutroni na miale ya gama. Tarehe 2 Julai 1967 vigunduzi hivyo vilinasa mmweko ambao haukufanana na ule wa bomu.

Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa Maabara ya Los Alamos waliendelea kukusanya matukio ya aina hiyo. Setilaiti za Vela zilizofuata ziliweza kupima kwa usahihi zaidi wakati ambao mmweko uliifikia kila moja, na tofauti za wakati huo zikatosha kukadiria mwelekeo. Ripoti yao ya mwaka 1973 ilieleza milipuko 16 iliyotokea kati ya Julai 1969 na Julai 1972, na iliondoa Dunia na Jua katika orodha ya watuhumiwa. Miaka sita iliyopita kati ya mmweko wa kwanza na uchapishaji mara nyingi huelezwa kuwa ni matokeo ya siri ya kijeshi. Klebesadel mwenyewe alilikanusha dai hilo, na hakika maelezo yaliyo rahisi zaidi yanatosha: data ilikuwa nyingi, ilichambuliwa kwa mkono, na wahusika walikuwa wameajiriwa kutafuta mabomu.

Baada ya 1973 nadharia zilizidi ushahidi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 zaidi ya nadharia 100 zilikuwa zimechapishwa. Iliyopendwa zaidi ilihusisha nyota za nyutroni zilizomo katika galaksi yetu, kwa sababu ya busara kabisa: umbali mfupi ulidai nishati ndogo. Bohdan Paczyński, mwanafalaki mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Princeton, alikuwa miongoni mwa wachache waliotetea hadharani, tangu 1986, kwamba milipuko hii iko mbali kama kwasa. Kwa muda mrefu msimamo wake ulihesabiwa kuwa wa mtu anayependa kubishana.

Takwimu zilifika wapi, na zilikwama wapi

Tarehe 5 Aprili 1991 Marekani ilirusha setilaiti ya Compton ikiwa na kifaa kiitwacho BATSE, chenye vigunduzi vinane vilivyowekwa kwenye pembe zake ili kutazama anga kwa upana. Matarajio ya wengi yalikuwa kwamba milipuko hafifu ingejipanga kando ya Njia Nyeupe, kama taa za vijiji zinavyofuata barabara. Haikuwa hivyo. Milipuko ilitapakaa sawasawa pande zote za anga, na idadi ya milipuko hafifu ilikuwa ndogo kuliko ambavyo ingekuwa endapo vyanzo vingesambaa bila kikomo katika anga tulivu. Picha hiyo haikubadilika hadi kazi ya BATSE ilipokoma mwaka 2000, ikiwa imerekodi milipuko 2,704.

Kwa Paczyński matokeo hayo yalikuwa ushindi, lakini wapinzani wake hawakulazimika kusalimu amri. Waliihamishia milipuko kwenye tufe kubwa linaloizunguka galaksi yetu, na kila mara takwimu zilipodai usawa zaidi, tufe hilo lilitanuliwa. Tarehe 22 Aprili 1995, jijini Washington, Paczyński na Donald Lamb wa Chuo Kikuu cha Chicago walijadiliana mbele ya hadhira, Martin Rees akiwa mwenyekiti, katika ukumbi uleule ambamo Harlow Shapley na Heber Curtis walijadili ukubwa wa ulimwengu mwaka 1920. Waandalizi walikusudia mfanano huo, nao ulikwenda mbali kuliko walivyotaka: kama mwaka 1920, wasikilizaji waliondoka bila jibu.

Udhaifu ulikuwa katika ramani. BATSE iliweza kusema mlipuko umetokea katika eneo lenye upana wa digrii kadhaa, ilhali mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Eneo kama hilo lina galaksi zisizohesabika. Mnamo Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku 10 kwenye kipande cha anga kinachoonekana kitupu, chenye upana wa chini ya dakika 3 za tao, yaani chini ya sehemu ya 20 ya digrii, na ndani yake zikaonekana takriban galaksi 3,000. Hapa pana kejeli ambayo historia ya ugunduzi huu haiisemi vya kutosha. Kadiri uchunguzi wa galaksi ulivyozidi kuona mbali, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuulaumu mlipuko kwa galaksi yoyote mahususi. Kila eneo la mlipuko lilikuwa na washukiwa elfu nyingi, na hakuna aliyekutwa na kisu mkononi.

Malindi na obiti ya ikweta

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilipitia setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyopewa jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini. Ilirushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 30 Aprili 1996 na kuwekwa katika obiti ya chini, kimo cha takriban kilomita 600, iliyoinama kwa digrii 4 tu kutoka ikweta. Uchaguzi huo ulikuwa wa kifizikia: obiti ya ikweta huikwepa kwa kiasi kikubwa sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nishati hushuka karibu na Dunia na kuvisumbua vigunduzi. Lakini setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haionekani kutoka Ulaya. Inahitaji kituo kilicho karibu na ikweta yenyewe.

Italia ilikuwa nacho tayari. Tangu miaka ya 1960, chini ya Luigi Broglio, ilikuwa imejenga majukwaa ya San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, pamoja na kambi ya nchi kavu. Kutoka majukwaa hayo ilirushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa kuchunguza eksirei za angani tu. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Katalogi yake ilifikisha vyanzo 339, na ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto inayotoa eksirei. Urushaji kutoka San Marco ulikoma mwaka 1988. Antena zilibaki, na ni antena hizo zilizoipa Malindi kazi ya pili ambayo, kwa mizani ya sayansi, haikuwa duni kuliko ya kwanza.

BeppoSAX iliizunguka Dunia kwa takriban dakika 96. Data ilihifadhiwa ndani ya setilaiti, na mara moja katika kila mzunguko, kwa muda wa kama dakika 10, ilimwagwa Malindi, ikapelekwa Roma kwa njia ya setilaiti ya mawasiliano, na amri zikarudi kwa njia ileile. Mpangilio huo uliweka mdundo wa kazi nzima. Mlipuko uliotokea mara tu baada ya setilaiti kupita Malindi haungejulikana duniani hadi saa moja na nusu baadaye. Kisha wachambuzi wa Roma walihitaji muda wa kuutafuta katika picha za kamera pana, na wahandisi muda wa kuigeuza setilaiti ili vifaa vyake vikali zaidi vitazame mahali hapo.

Maendeleo yanaweza kusomwa katika tarakimu tatu. Mlipuko wa tarehe 20 Julai 1996 uligunduliwa katika data iliyokwisha hifadhiwa, na setilaiti ilipogeuzwa zilikuwa zimepita siku 45. Kwa ule wa tarehe 11 Januari 1997 muda ulishuka hadi saa 16, na hapakuonekana mabaki ya uhakika. Kwa ule wa tarehe 28 Februari 1997, uliotokea karibu na saa 3 usiku wa manane kwa saa za Greenwich katika kundinyota la Jabari, muda ulikuwa saa 8. Safari hii kikundi kilichoongozwa na Enrico Costa kilikuta chanzo cha eksirei ambacho hakikuwa kikijulikana. Siku tatu baadaye chanzo hicho kilikuwa kimefifia takriban mara 20. Kwa mara ya kwanza mlipuko wa miale ya gama ulikuwa umeacha mng'ao nyuma yake.

Siku ileile ya mlipuko, darubini ya William Herschel kisiwani La Palma ilipiga picha ya eneo hilo kwa ombi la kikundi cha Jan van Paradijs cha Amsterdam, ambamo wanafunzi Titus Galama na Paul Groot walifanya sehemu kubwa ya kazi. Picha ya tarehe 8 Machi ilipolinganishwa na ya kwanza, nukta moja ya nuru ilikuwa imetoweka. Mahali pake palibaki doa hafifu lililotanuka, ambalo wengi walilisoma kuwa galaksi.

Haifai kuikuza Malindi kupita kiasi. Uchambuzi ulifanyika Roma, darubini zilikuwa kwingine, na kituo kilikuwa cha Italia katika ardhi ya Kenya, mpangilio ambao faida zake kwa nchi mwenyeji ni mada inayojitegemea. Lakini ni kosa la kihistoria pia kuliona eneo hilo kuwa waya tu. Kama ingelazimu setilaiti isubiri mizunguko kadhaa kabla ya kusikika, saa 8 zingeweza kurudi kuwa 16, na mlipuko wa Januari ulikuwa umeonyesha saa 16 huleta nini.

Umbali wapimwa

Doa la Februari halikumaliza ubishi, kwa kuwa halikuwa na tarakimu. Tarakimu ilikuja Mei. BeppoSAX ilinasa mlipuko tarehe 8 Mei 1997, na siku chache baadaye Mark Metzger na wenzake wa Caltech waliielekeza darubini ya Keck II ya Hawaii kwenye mng'ao wake. Katika spektra walikuta mistari ya chuma na magnesi ikiwa imesogezwa kuelekea wekundu kwa kiwango cha 0.835. Kwa kuwa ulimwengu unatanuka, mwanga unaosafiri ndani yake hunyooka, na kiwango cha kusogea huko hueleza ulivyosafiri. Katika kisa hiki safari ilikuwa ya takriban miaka bilioni 7. Tena hicho kilikuwa kiwango cha chini: gesi iliyoacha mistari hiyo ilikuwa mbele ya mlipuko au pamoja nao, haikuweza kuwa nyuma yake. Hoja ya tufe la galaksi yetu haikuwa na mahali pa kutanukia tena.

Mwezi Desemba mwaka uleule ulitokea mlipuko wenye kiwango cha 3.42. Tangu hapo swali liligeuka kutoka "wapi" hadi "nini," na galaksi zikawa shahidi mkuu. Mlipuko wa tarehe 25 Aprili 1998 ulilingana na supanova iliyopewa jina 1998bw katika galaksi iliyo karibu kiasi. Ule wa tarehe 29 Machi 2003 ulithibitisha kwamba milipuko mirefu hutokana na kuporomoka kwa nyota kubwa. Milipuko mifupi, isiyozidi sekunde 2 hivi, ilisubiri setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004 na ambayo nayo hushusha data yake Malindi. Mwaka 2005 baadhi yake ilikutwa katika galaksi za duaradufu, zilizozeeka na zisizozaa nyota kubwa. Kwa nyota kubwa hapo si mahali, kwa kuwa hufa zikiwa changa. Palibaki maelezo ya nyota mbili za nyutroni zinazozungukana kwa muda mrefu hadi zigongane.

Orodha mbili, upofu wa aina mbili

Wakati huohuo uchunguzi wa galaksi kwa wingi ulikuwa umeingia zama mpya. Mradi wa Sloan, uliotumia darubini yenye kioo cha mita 2.5 huko New Mexico kuanzia mwaka 2000, ulipima spektra za galaksi zaidi ya 900,000 katika miaka yake minane ya kwanza. Uchunguzi wa aina hiyo huchagua galaksi kwa mwangaza. Unachokiona ni kile kinachong'aa vya kutosha, na kadiri mtu anavyotazama mbali ndivyo galaksi kubwa tu zinavyobaki katika orodha.

Milipuko ya miale ya gama huchagua kwa njia nyingine kabisa. Huonyesha mahali ambapo nyota kubwa imekufa, bila kujali kama galaksi yake inaonekana. Galaksi zilizokutwa kwa njia hii nyingi zilikuwa ndogo, za samawati, zenye umbo lisilotulia na zinazozaa nyota kwa kasi. Ni aina ileile ambayo uchunguzi wa kawaida huikosa kwa urahisi. Mlipuko wa tarehe 23 Aprili 2009 ulikuwa na kiwango cha takriban 8.2, yaani ulitokea ulimwengu ukiwa na umri wa kama miaka milioni 630. Mng'ao ulionekana, galaksi iliyouzaa haikuonekana. Orodha hii nayo ina upofu wake. Milipuko mirefu hupendelea galaksi zenye upungufu wa elementi nzito, na mng'ao uliofunikwa na vumbi haupimwi kabisa. Mtafiti anayekadiria uzazi wa nyota wa zama za kale kwa kuhesabu milipuko peke yake anahesabu kwa mizani iliyoinama, ingawa imeinama upande usio wa mizani ya Sloan, na hapo ndipo thamani ya kuzitumia zote mbili ilipo.

Tamaa kubwa zaidi ilikuwa kuifanya milipuko hiyo kuwa kipimo cha kutanuka kwa ulimwengu wenyewe. Mwaka 1998 vikundi viwili vilikuwa vimetumia supanova za aina ya Ia kuonyesha kwamba kutanuka huko kunaongeza kasi, na mtu aliyekuwa na milipuko inayoonekana mbali zaidi ya supanova alikuwa na haki ya kuota. Mwaka 2002 Lorenzo Amati na wenzake, wakitumia data ya BeppoSAX, walionyesha uhusiano kati ya nishati yote ya mlipuko na nishati ambako spektra yake hufikia kilele. Uhusiano huo upo, lakini matumizi yake kama kipimo yana kasoro ya mduara: ili kuusawazisha ni lazima kwanza kujua umbali, na umbali huo hutolewa na mfano uleule wa ulimwengu unaotakiwa kupimwa. Supanova za Ia zilisawazishwa kwa galaksi za karibu. Milipuko mirefu iliyo karibu ni michache mno kufanya kazi hiyo.

Agosti 2017 na baada yake

Njia isiyo na mduara ilitoka upande mwingine. Tarehe 17 Agosti 2017 vigunduzi vya LIGO na Virgo vilipokea mawimbi ya graviti ya nyota mbili za nyutroni zikiungana, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ilinasa mlipuko mfupi wa miale ya gama. Eneo lililokadiriwa lilikuwa na ukubwa wa digrii za mraba takriban 30. Mwaka 1995 eneo kama hilo lingekuwa kaburi la swali. Safari hii mawimbi yenyewe yalikuwa yametoa makadirio ya umbali, na umbali ulikuwa mfupi, eneo ambalo katalogi za galaksi zimekaribia ukamilifu. Kikundi kilichotumia darubini ya Swope ya mita 1 nchini Chile kilipita galaksi moja moja kutoka katika orodha iliyoandaliwa, na chini ya saa 11 baada ya tukio kilikuta nukta mpya katika galaksi ya NGC 4993, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Kwa kulinganisha umbali uliotolewa na mawimbi na kasi ya galaksi hiyo, kiwango cha kutanuka kwa ulimwengu kilipatikana kuwa kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, kwa shaka ya 12 juu na 8 chini.

Hatua iliyofuata inaurudisha mzozo wa zamani ukiwa umepinduliwa. Mashimo meusi mawili yaliyoungana tarehe 14 Agosti 2017 hayakutoa mwanga uliopimwa, kwa hiyo hapakuwa na mng'ao wa kufukuzia. Mwaka 2019 watafiti walichukua eneo lote la tukio hilo na kuliweka juu ya katalogi ya Uchunguzi wa Nishati ya Giza, uliofanywa kwa darubini ya mita 4 huko Cerro Tololo, Chile. Ndani yake zilikuwamo galaksi takriban 77,000. Badala ya kumtafuta mshukiwa mmoja waliipa kila galaksi uzito wake katika hesabu, wingi uleule uliowakwamisha watangulizi wao ukitumiwa sasa kama data. Matokeo yalikuwa 75, kwa shaka ya 40 juu na 32 chini. Kwa tukio moja, upana huo wa shaka hauwezi kuamua ubishi wowote wa sasa kuhusu kutanuka kwa ulimwengu. Kupungua kwake kunategemea idadi ya matukio yatakayoongezwa na ukamilifu wa katalogi za galaksi katika umbali huo.